Daraja la Idrisa na Saa ya Mama Yake

Nianze kwa kuomba msamaha. Naandika kwa mkono, na herufi zangu huinama upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Maneno mengine sina hakika nayo. Shule niliachia darasa la nane, na hata huko nilikuwa wa mwisho kunakili. Mwalimu alikuwa akifuta ubao nikiwa bado mstari wa pili. Mkikuta kosa lirukeni, mwendelee. Ninaandika kwa sababu wiki iliyopita tulimzika Mama Idrisa kwenye makaburi ya Waislamu mjini Nyeri, na kuna jambo ambalo mwanawe aliniambia nisiliseme mama akiwa hai. Nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Nilidhani siku ya mazishi ndiyo ningelitua.

Mwaka ule nilikuwa mtu wa maziwa. Ng'ombe walikuwa Kiganjo, na mteja wangu wa mwisho mjini alikuwa yeye, Mama Idrisa wa Majengo, aliyekaanga mahamri na viazi karai barazani kwake. Asubuhi nilimwachia mtungi, na saa nane mchana nilirudi kuuchukua. Nilikuwa na haya kiasi kwamba nilisimama nje ya mlango hadi mtu anione, maana hata kupiga hodi kulinitisha. Siku moja hakuna aliyeniona. Kupitia pazia lililofungwa fundo niliona televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, na ndani yake kijitu cha vipande vya mraba kimebeba kikapu kichwani, kikipanda mlima. Mlima huo niliujua. Ulikuwa mwinuko wa kutoka mto Chania kuja mjini, ule ambao mimi niliupanda kila siku na mitungi. Sauti ya mwanamume ikasema kutoka kwenye kochi, "Wewe mwenye maziwa, ingia. Ukiangalia kutoka nje unaona nusu."

Huyo ndiye Idrisa. Alikuwa fundi wa redio na televisheni hadi figo zilipomwangusha, na sasa alipelekwa kliniki mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Chumba chake nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Harufu ya iliki ilitoka jikoni ikakutana na harufu ya vumbi lililopashwa moto na kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa wazi ubavuni, bila kifuniko, feni yake ikikohoa. Chini ya televisheni kulikuwa na mashine ya gemu ya kuingiza kaseti, ambayo Idrisa aliichezea utotoni na ambayo haitengenezwi tena. Na juu ya yote ilining'inia saa ya ukutani ya Mama Idrisa. Saa hiyo iliwekwa kwa Kiswahili. Wewe na mimi tunaona mshale mfupi kwa nane, mdomo unasema saa mbili, wala hatujui kwamba tumehesabu. Mama Idrisa hakukubali mchezo huo. Kwake ikiwa saa mbili, mshale ulikuwa kwa mbili. Kuruta mmoja wa polisi kutoka Kiganjo, aliyekuja kununua mahamri, alimcheka akisema saa hiyo imekufa. Mama akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye karai: "Yako ndiyo mwongo, mwanangu. Mdomo wako unasema mbili, mkono wako unaonyesha nane. Na ati wewe ndiye utaandika taarifa za wezi?"

Idrisa alikuwa akiandika gemu yake mwenyewe kwa ajili ya mashine ile kuukuu, gemu ya mwanamke anayebeba mahamri kutoka mtoni hadi soko la juu. Sikumuuliza kwa nini. Baadaye alisema mwenyewe kwamba maisha yake yote amekarabati vitu vya watu, na angependa kuacha kimoja alichokianza na kukimaliza. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na wa kushoto ulikuwa umevimba pale sindano za kliniki zilipoingia, kwa hiyo alihitaji vidole vya mtu mwingine. Nilimwambia kwamba mimi naandika polepole sana. Akasema ndiyo maana ananitaka. "Mtu wa haraka anaandika anachofikiri. Wewe utaandika ninachosema." Kuanzia siku hiyo akaniita Karani.

Tulichoandika hakikueleweka na mashine ya gemu hadi kipite kwa programu inayoitwa kompaila, inayosoma maneno yote na kuyageuza namba. Kompaila nilimwelewa haraka, maana kwetu kuna kiwanda cha kahawa. Ni kama karani wa mizani: akiona buni mbichi chache juu ya debe, anakurudishia debe lote. Nikisahau nukta mkato moja tu, skrini ilijaa malalamiko ya Kiingereza kutoka juu hadi chini, na mimi nilitaka ardhi inimeze. Idrisa hakuwahi kukasirika. Alinifundisha nianze na lalamiko la kwanza, niyaache mengine, na niangalie mstari ulio juu ya ule unaolalamikiwa. "Kompaila ni kama jirani," alisema. "Anasikia kelele, lakini hajui nani alianza." Alinieleza pia kwamba zana za kompaila hazipiki upya, yaani hazigeuzi namba, kila faili, zinapika tu iliyoandikwa baada ya mapishi ya mwisho, kwani hata mama yake harudishi mahamri yaliyoiva kwenye mafuta. Watu waliozitengeneza walikuwa mbali na walishaziacha. Ukiwaandikia kuuliza, hakuna anayejibu. Kwa hiyo kila kosa tulilitafuta wenyewe. Idrisa alikuwa amempangia kompaila asiseme lolote ila akiona kosa. Akinyamaza, tulijua tumefaulu.

Kompyuta nayo baadaye ikapata ugonjwa wake. Ndani yake kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, inayoshika saa wakati imezimwa. Betri hiyo ilikufa miezi ya baridi ilipoanza. Kila ilipowashwa kompyuta iliamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, ikakataa kuendelea hadi ipewe tarehe na saa. Rukia, dada yake Idrisa aliyeolewa Kagio, alitaka kuleta betri nyingine siku anakuja na mchele. Idrisa akamwambia aache, hiyo ni ya kushika saa tu, na saa tunazo. Asubuhi aliiwasha mwenyewe, akaipa saa ya simu yake, akaupika mchezo wote upya ili aone umesimama vipi. Adhuhuri akilala, mama yake aliizima ili ipoe na tokeni za stima zisikimbie. Saa nane nikikaribia kufika, Mama aliiwasha tena. Mwanawe alikuwa amemfunza kujaza tarehe na saa, naye alifanya hivyo kwa fahari ya mtu aliyeaminiwa, akipangusa mafuta mikononi kwa leso kabla ya kugusa chochote.

Chakula cha nyumba ile kilikuwa adhabu. Mama alikaanga mchana kutwa vitu ambavyo mwanawe hakuruhusiwa kula. Viazi vyake Idrisa vilichemshwa, maji yakamwagwa, vikachemshwa tena hadi vikawa na ladha ya karatasi. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe cha kahawa. Mimi nilipopewa hamri na chai niligeukia ukuta nisimtese, naye akaniambia, "Geuka, Karani. Kula nikikuona. Ukijificha unanifanya maiti." Nikageuka nikala.

Pazia lile halikuzuia neno. Alasiri moja Rukia alikuwa jikoni na mama yake, wakinong'ona kuhusu aliyoyasema muuguzi: kwamba damu ikichafuka sana inaweza kufika kichwani, mtu akaanza kupoteza mambo, akadhani amefanya kitu kumbe hajafanya. Upande wetu wa pazia Idrisa alikuwa akinisomea mstari. Hakunyamaza. Aliumaliza mstari, akasema nukta mkato, lakini sauti haikuwa yake.

Katika miezi ya baridi, ukungu wa mlima ukishuka hadi barabarani, tulifika kwenye daraja. Mwanamke wa kikapu alipaswa kuvuka Chania ndipo aanze kupanda. Alikanyaga daraja vizuri, akatembea hadi katikati, akatumbukia. Kila mara palepale. Idrisa akasema amejua. Hatua za yule mwanamke zilihesabiwa kwenye kisanduku kidogo cha namba. Kisanduku kikijaa, hesabu hurudi sifuri, na mashine hudhani amerudi mwanzo, mahali ambapo hakuna daraja ila maji. Dawa ilikuwa kumpa kisanduku kikubwa. Nikaandika kama alivyosema. Kompaila akanyamaza. Tukaipeleka gemu kwenye kaseti, tukaiwasha, na mwanamke akatembea hadi katikati, akatumbukia.

Idrisa alikuwa na sheria moja, kwamba dawa isiyoponya haiachwi tumboni. Rekebisho lisilosaidia tulilifuta kabla sijaondoka, ili makosa yasirundikane. Basi tukafuta. Siku iliyofuata akajaribu wazo lingine, na lingine, kisha akarudi kwenye kisanduku. Kompaila alinyamaza siku zote, na siku zote mwanamke alizama. Lililomtesa zaidi ni kwamba asubuhi, akiwa peke yake, akibadilisha rangi ya anga au sauti ya maji, kila kitu kilimtii. Alasiri mashine ilimkana. Na alasiri ndiyo saa ambayo mwili wake ulikuwa umechoka, miguu imejaa maji, macho yana ukungu. Akayaunganisha hayo na maneno ya muuguzi. Siku moja aliniomba nimsomee kila herufi niliyoandika. Nikasoma, polepole kama kawaida yangu. Ilikuwa sawa na alivyosema. Akaniuliza, "Sasa, Karani, kama nilichosema ni sahihi, na ulichoandika ni nilichosema, kilichoharibika ni nini?" Nilikuwa na haya ya kusema sijui, nikaangalia kibodi. Nadhani kimya changu alikisoma vibaya.

Wiki hiyo alikataa kwenda kliniki. Jirani alileta gari hadi mlangoni na Idrisa akakataa kuvaa viatu. Mama alimsihi, kisha akamkaripia, kisha akaketi sakafuni na kiatu kimoja mkononi. Rukia alipanda kutoka Kagio siku hiyohiyo akamwambia anawaua. Yeye aliwajibu kwa upole, na maneno hayo niliyasikia nikiwa nimesimama nje na mtungi: "Mwili niliwaachia wauguzi zamani. Kichwa ndicho nilikuwa nimebaki nacho. Kikienda, mnasafisha damu ya nani?" Kliniki ya pili nayo ikapita. Asubuhi bado alijikokota hadi kwenye kompyuta akaupika mchezo, kwa kuwa asubuhi aliamini yuko mzima. Alasiri alisema si zake tena. Alijifungia chumba cha ndani akalala, na pumzi yake ilisikika kama mtu anayepanda na mzigo.

Hata hivyo saa nane Mama Idrisa aliendelea kuniwashia kompyuta. Hakuweza kuvumilia chumba kikiwa kimya. Siku moja niliketi peke yangu nikarudia kuandika kile kisanduku kikubwa kwa kukumbuka. Nilipomwita kompaila akanyamaza, na mimi, kwa mazoea ya mtu anayeogopa makosa, nikasoma tena nilichoandika. Nukta mkato haikuwepo. Kosa lilelile lililokuwa likijaza skrini na kuniaibisha, na safari hii hakuna aliyelia. Nilikaa nikiliangalia. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya maishani: nikaandika vibaya makusudi. Katikati ya daraja niliandika Nyakairu, jina la ng'ombe wetu mweusi. Kompaila kimya. Nikaandika kwamba Nyakairu ametoroka na amekula kabichi za kanisa. Kimya. Alasiri zote zile tulikuwa tunamwandikia mtu asiyesoma.

Nikafungua orodha ya mafaili, ambapo kando ya kila jina kuna saa iliyoandikwa. Daraja nililoandika muda huo lilionyesha nane na dakika arobaini. Daraja lililopikwa na Idrisa asubuhi ya siku hiyo lilionyesha kumi na robo, ndivyo simu inavyoandika saa nne na robo. Kwa mashine, kazi yangu ilikuwa ya zamani kuliko mapishi, kwa hiyo haikuwa na haja ya kuisoma. Nikainua macho ukutani. Mshale mfupi wa saa ya Mama ulikuwa kati ya nane na tisa, na jua nje lilikuwa la alasiri. Nilikwenda hadi jikoni na kwa mara ya kwanza nikamuuliza Mama Idrisa swali bila kuulizwa kwanza. Nilimuuliza akiwasha kompyuta huipa saa gani. Akanishangaa. "Ile ya ukutani. Kwani kuna nyingine?"

Nilimwamsha Idrisa. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yakawa mistari. Nilimweleza kwa sauti ya chini, nikikwama, na alipoelewa alinishika bega nikamwongoza hadi kwenye kiti. Akataka kwanza amwone Nyakairu. Alipomwona katikati ya daraja na kompaila amenyamaza, alicheka hadi ikawa kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Kisha akahesabu kwa vidole, sita, ndizo saa ambazo ukuta ulikuwa nyuma ya simu, akaipa kompyuta saa ya simu na kuniambia niihifadhi faili ya daraja upya. Tukamwita kompaila. Skrini ikajaa malalamiko ya Kiingereza kutoka juu hadi chini, na sisi wawili tukayatazama kama mvua ya kwanza. Nikamtoa ng'ombe, nikaweka nukta mkato mahali pake. Mwanamke wa kikapu akakanyaga daraja, akafika katikati, akapita, akaanza kupanda mlima.

Idrisa alimrudisha akamvusha tena, na tena. Mama akaja na leso mkononi kuona kinachochekesha. Alimtazama yule mwanamke wa vipande vya mraba, akauliza kama huyo ndiye yeye, na kama kiuno chake ni hicho kweli. Kisha akauliza lililokuwa limeharibika ni nini. Idrisa akaniangalia kidogo. "Namba tu, Mama." Mama aliporudi jikoni, akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayenisomea mstari wa kuandika: "Mama asijue. Nikifa, atahesabu. Atasema kliniki nilikataa kwa sababu ya daraja, na daraja lilikataa kwa sababu ya saa, na saa ni yake. Hatalala tena." Nikasema sawa. Kwangu hilo ni neno refu.

Alirudi kliniki kesho yake. Viatu alivaa mwenyewe. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kufika mapafuni na moyo ulikuwa umechoka kuyasukuma, na muuguzi hakumlaumu, jambo ambalo Rukia alisema lilimtisha kuliko lawama. Mwanamke wa kikapu alifika sokoni. Idrisa alimaliza sehemu hiyo kwa mdomo na mimi kwa vidole. Kisha asubuhi moja nilifika na maziwa nikakuta viatu vingi barazani, vimepangwa jozi kwa jozi, na karai limefunikwa. Nilisimama nje na mtungi, kama zamani, hadi mtu akaniona.

Niliendelea kumpelekea Mama Idrisa maziwa kwa miaka miwili, kisha nikapata kazi Timau kwenye nyumba za maua, na nilipoteremka Nyeri nilipita kumsalimu. Aliniwekea chai na hamri. Tuliongea juu ya mvua na bei ya unga. Nililinda siri yangu kwa kuangalia kikombe, na sikuwahi kuinua macho ukutani, maana niliogopa uso wangu ungesema. Wiki iliyopita, baada ya mazishi, Rukia aliniita chumbani nichukue mashine ya gemu na kaseti yake. Hapo ndipo niliitazama ile saa. Nikatoa simu. Zilikuwa sawa. Nilidhani mtu ameirekebisha juzi, nikamuuliza. Rukia akasema, "Mama aliigeuza mwenyewe, siku ya arobaini ya Idrisa. Alipanda kiti, akasogeza mishale, akashuka. Hakusema kitu. Sisi tulidhani amechoka kubishana na wateja."

Nimefikiria tangu siku hiyo na sipati njia nyingine. Sikumwambia mimi, na Idrisa hakumwambia. Lakini pazia lile lilipitisha maneno kutoka jikoni hadi kwetu, na mimi ni mjinga kudhani halikuyapitisha kutoka kwetu hadi jikoni. Alihesabu, kama mwanawe alivyosema angehesabu. Miaka yote hiyo alikaanga mahamri chini ya saa aliyoiita mwongo. Nilipokuja alinimiminia chai, nikawa ninamlinda yeye, naye labda akinilinda mimi, na hakuna aliyemsomea mwenzake neno lililokuwa limeandikwa waziwazi ukutani. Ningeinua macho mara moja tu, tungelia pamoja yakaisha.

Kaseti ninayo hapa Timau. Nimeiwasha mara moja, mwanamke akavuka, nikazima. Sasa nawaomba ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kunyamaziana na mtu ili msimuumize, mniandikie kupitia hao waliowafikishia karatasi hizi. Niambieni kama mlisema mwishowe, na alijibu nini. Msiogope mwandiko mbaya wala makosa. Mimi nasoma polepole, lakini kila mtakachoandika nitakisoma.